Kabla ya Kuilaumu Programu

Niliingia kazi hii kwa mlango wa nyuma. Studio iliyoniajiri Kariakoo ilikuwa bado ya mikanda: picha 36, mashine ya kusafishia, harufu ya dawa inayokufuata hadi nyumbani. Mimi nilikuwa wa kukata negativu na kuzitia kwenye bahasha. Kompyuta ilipoletwa, miaka ya mwanzo ya 2000, tajiri aliuliza nani kati yetu amewahi kugusa kitu kile. Nilikuwa nimesoma kozi ya kuchapa, nikanyoosha mkono. Negativu nikaagana nazo siku hiyohiyo.

Nikawa mtu wa kushusha picha. Mpiga picha akirudi usiku kutoka harusini ananiachia memori mezani, na asubuhi mwenye sherehe anazikuta picha zipo kwenye kioo. Wakati huo tulikuwa na memori za CompactFlash, pana kama kiberiti, na SD ndio kwanza zinaingia. Hizi zilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Matsushita, wenye Panasonic. Programu iliyotawala studio zetu baadaye ilikuwa Picasa, kwa sababu ilikuwa ya bure. Lightroom ilipotoka mwaka 2007, wenye uwezo wakahamia huko.

Kauli iliyokuja kunilisha ilianza hapo: "Fundi, programu inajifunga yenyewe." Wengine husema inastaki, wengine imegoma. Ugonjwa ni mmoja: unachomeka memori, unabonyeza kuingiza picha, zinaanza kuja, halafu dirisha linapotea lote bila kuaga. Na kila aliyekuja alikuwa ameshafanya dawa ileile ya kijiweni, yaani kuifuta programu na kuiweka upya. Sijui nani aliwafundisha watu dawa hiyo. Kuweka programu upya hakuigusi memori hata kidogo, na mara nyingi tatizo limekaa humo.

Nilipofungua meza yangu mwenyewe ya ufundi, nilikuwa nikiwaeleza hivi. Unaponakili picha kwa mkono, kompyuta inahamisha tu mzigo, haiulizi ndani kuna nini. Programu ya picha inafungua kila faili: inasoma tarehe, lenzi, mwelekeo wa kamera, inatengeneza kipicha cha kuonyesha, kisha inaandika kwenye daftari lake. Kwa hiyo faili bovu linaweza kunakiliwa salama salimini, kisha likaiangusha programu inayojaribu kulifungua. Ndiyo maana hatua yangu ya kwanza haijabadilika: fungua memori, nakili folda nzima ya DCIM iende kwenye diski, chomoa memori, weka pembeni, kisha ingiza picha kutoka kwenye diski. Kunakili kukikwama njiani, mgonjwa ni memori, kadi rida au waya. Kukiisha vizuri na programu bado inaanguka, basi memori iache, tafuta faili au programu yenyewe.

Kijana mmoja wa harusi alinijia Jumatatu asubuhi, macho mekundu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Programu inazima. Nimeifuta, nimeiweka upya, wapi. Baba wa bibi harusi anapiga simu toka jana."

"Inazimia palepale, au leo hapa kesho pale?"

Alifikiri. "Palepale. Ikifika kwenye keki."

Swali hilo ndilo ninaloliuliza kabla ya kugusa kitu chochote. Ikianguka kila mara mahali pamoja, kuna faili linaloiangusha. Ikianguka ovyo, natazama waya, tundu la USB lililolegea, kadi rida ya bei ya chee, au RAM ya kompyuta. Nilinakili folda yake, ikaisha bila shida. Nikazigawa picha mafungu mawili, nikaingiza la kwanza: likapita. La pili likaanguka. Nikaligawa hilo la pili, na kipande chake, hadi faili likabaki peke yake mikononi mwangu. Kwa nje lilikuwa na ukubwa uleule wa wenzake. Nilipolifungua kwa programu ya kuonyesha baiti, nusu ya kwanza ilikuwa na data, na kuanzia hapo ni sifuri tupu hadi mwisho.

"Betri ilikuishia kwenye keki?" nikamuuliza.

Ilikuwa ndivyo. Mshereheshaji anahesabu, watu wameinua simu, naye akafungua mlango wa betri huku taa nyekundu ya kamera ikiwaka. Taa ile maana yake kamera bado inaandika. Nikalitoa faili lile, nyingine zote zikaingia kwa mkupuo mmoja. Hata lile bovu halikupotea lote, maana ndani ya faili ghafi kamera huweka pia picha ya JPEG ya kuonyesha kwenye kioo chake, nayo ilikuwa imeandikwa kabla umeme haujakatika. Kisu kwenye keki kilionekana vizuri. Baba wa bibi harusi hakuwahi kujua.

Si wote walioondoka wakicheka. Dada mmoja alikuja na memori iliyoandikwa 128 juu yake, ndani ana sendofu na kicheni pati ya mteja mmoja. Majina ya picha yote yalikuwepo, ila programu ilikuwa ikianguka kila ikivuka mwanzo wa sendofu. Nikazitoa kwanza zilizo nzima. Kisha nikaipima kadi kwa H2testw, kiprogramu kinachoijaza kadi na kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Ukweli wake ilikuwa ya GB 8. Kuna watu huchukua kadi ndogo, wakabadilisha maelezo kwenye chipu yake ili idanganye kamera na kompyuta. Kamera inaandika, kadi inaitikia "nimepokea", kumbe inatupa, au inaandika juu ya zile za mwanzo.

"Kwa hiyo zimefutika?" akaniuliza.

"Hapana, dada. Hazikuwahi kuandikwa. Pole sana."

Faili lililofutika nina njia nalo. Mfaransa Christophe Grenier ametengeneza PhotoRec na kuitoa bure, nayo haijali majina wala folda: inapita kadi nzima ikitafuta alama za mwanzo wa picha, kwa JPEG ni FF D8 FF. Majina yanapotea, picha zinarudi na namba mpya, lakini zinarudi. Kwa kadi ya uongo hata Grenier hana la kukusaidia.

Mengine ni madogo. Baadhi ya kadi rida za zamani hazizisomi kadi za zaidi ya GB 32; tena hizo kwa kawaida hutumia mfumo wa exFAT, ambao kompyuta kuukuu za Windows XP zilihitaji nyongeza ndipo ziutambue. Diski C ikijaa, programu inakosa pa kuweka vipicha vyake. Dereva la kadi ya michoro likizeeka, zima msaada wa kadi hiyo kwenye mipangilio uone kama mambo yatatulia. Programu yenyewe huwa na makosa kweli, sikatai. Ila ninamfikia huyo mshukiwa mwisho.

Kadi iliyogoma mara moja siirudishi kazini, hata ikipimwa ikaonekana nzima. Bei ya kadi mpya haifiki hata ya soda za kikao kimoja cha kamati ya harusi.

Na wewe mpiga picha, kadi ikianza vituko, acha kupigia humo. Windows ikikuuliza kama iifomati, jibu ni hapana. Ikikuomba iikague na kuirekebisha, jibu bado ni hapana, maana inaweza kuzigeuza picha zako kuwa vipande vya CHK ndani ya folda ya FOUND.000 na kumwongezea fundi kazi. Iweke mfukoni, uilete kama ilivyo.