Nguzo za Gazi na Dawa ya Mbao

Msafiri avukaye Likoni na kuishika barabara ya Lunga Lunga hupita Ukunda, penye njia ya kushukia Diani, kisha hufika Gazi, kijiji kilicho kabla ya Msambweni. Huko huziona nyumba za udongo na makuti zilizoshikwa na nguzo za miti. Akiitazama nguzo mbovu, ataona kwamba imelika zaidi pale inapoingia ardhini. Hapo unyevu na hewa hukutana, kuvu ikaota, na mchwa hupanda.

Wazee walijikinga kwa kuchagua mti. Boriti za mikoko zilisifiwa kwa kuwashinda mchwa. Na majahazi yalipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini yake deheni ya chokaa na shahamu. Lakini mikoko ilikatwa kupita kiasi. Mwaka 1982 Serikali ilikataza boriti kupelekwa ng'ambo, na tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 katika mpango uitwao Mikoko Pamoja. Badala ya mkoko wakulima hupanda mvinje, mti ukuao upesi na kunyooka, ila hauna kinga kama ya mkoko.

Kwa miti ya namna hiyo ndipo dawa hufaa. Mwaka 1933 Sonti Kamesam wa Bara Hindi alitengeneza dawa ya shaba, kromu na aseniki, ambayo hushindiliwa ndani ya mti kwa nguvu ya mtambo. Wataalamu wakitaka kuijaribu dawa huchukua vigingi vilivyotiwa dawa na visivyotiwa, wakavichimbia nusu ardhini mahali pamoja, na kuvikagua mwaka hata mwaka. Kigingi kisicho na dawa ndicho shahidi: nacho kikidumu kizima, dawa haijathibitishwa kitu.

Hata hivyo aseniki ni sumu. Kufikia 2004 Marekani na Ulaya zilikuwa zimezuia dawa hiyo katika kazi nyingi za nyumbani, na dawa za shaba zisizo na aseniki zikatumiwa badala yake. Kwa hiyo anunuaye nguzo na aulize imetiwa dawa gani, wala vipande vyake visitiwe mekoni. Moto hauiui aseniki. Nyingine hutoka na moshi, nyingine hubaki katika jivu. Nguzo idumuyo ni faida kwa mwenye nyumba, lakini kuni zake zaweza kuwadhuru wale wale aliowajengea.