Elimu Haina Mlango Mmoja

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Mwislamu, leo sikukusudia kuwaonya wengine. Nimekusudia kuionya nafsi yangu mbele yako, kwani mwalimu asiyekiri kosa lake huwafundisha wanafunzi wake kiburi.

Hapa kwetu Tanga neno chuo lina maana mbili. Cha kwanza ni chuo cha mkeka na juzuu, tulichopelekwa tukiwa wadogo. Cha pili ni kile cha majengo makubwa na shahada. Mimi nimesomesha chuo cha kwanza, Ngamiani, kwa miaka 45. Miongoni mwa wanafunzi wangu wa mwanzo alikuwapo mmoja, ambaye sitamtaja jina, aliyekuja kuwa karani bandarini. Mchana akihesabu shehena, usiku akisoma. Hakuweza kuacha kazi akaenda kukaa Dar es Salaam, kwani alikuwa na mama mgonjwa na watoto watano. Basi akajiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuzinduliwa mwaka 1994, ambacho mtu husoma akiwa kwake na kazini kwake. Akapata shahada ya kwanza, kisha ya pili, na alipofika umri wa miaka 52 akatunukiwa shahada ya uzamivu, yaani udaktari. Utafiti wake ulihusu namna mirathi inavyogawiwa katika vijiji vya pwani, na aliuanza na kitabu cha Mirathi cha Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, mwanachuoni wa hapa hapa Tanga, kilichotoka mwaka 1923.

Nakiri kwamba sikufurahi. Siku moja barazani, baada ya sala ya alasiri, mtu aliniuliza habari zake, nami nikasema, "Daktari gani huyo, aliyejisomea peke yake chumbani? Elimu hupokewa kwa sheikh, goti kwa goti." Watu wakacheka, nami nikapendezwa na kicheko chao. Maneno hayana miguu, lakini hufika. Akaacha kuja kwangu.

Ikapita miezi. Kisha chuo kimoja kikamwita akafundishe, naye akaazimia kuiacha bandari, ijapokuwa mshahara ulikuwa mdogo zaidi. Usiku mmoja baada ya Isha akaja kuniaga. Akanibusu mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni, akakaa mkekani, akasema, "Sheikh, nina jambo ambalo niliona haifai kulisema mbele za watu."

Akanikumbusha mirathi niliyoigawa zamani, huko njia ya Pangani. Marehemu aliacha mke, mabinti wawili, dada yake wa baba na mama, na ami yake. Mali yake ilikuwa minazi 240. Mke nilimpa thumuni, minazi 30. Mabinti nikawapa theluthi mbili, minazi 160. Ile 50 iliyobaki nikampa ami, kwa kuwa ndiye mwanamume aliyekuwapo, tena ndiye aliyekuwa akisema sana mbele yangu. Yule dada alikaa nyuma ya pazia, kimya.

"Sheikh," akasema mwanafunzi wangu, "dada pamoja na mabinti huwa asaba, naye humzuia ami. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisomesha mlango huo. Ile 50 ilikuwa yake."

Jasho likanitoka. Mas-ala hiyo naijua tangu ujana wangu, lakini siku ile nilisikiliza sauti ya ami, nikaisahau haki ya mwanamke. Nikamuuliza, "Umeyaandika haya katika kitabu chako?" Akajibu, "Nimeandika mas-ala. Sikuandika jina la mwalimu wangu."

Kesho yake tukaondoka pamoja. Ami alikwisha kufariki. Watoto wake, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, waliirudisha minazi iliyokuwa bado imesimama. Yule dada, ambaye sasa ni bibi kizee, alisema neno moja tu: "Nilijua, lakini nani angenisikiliza?" Neno hilo hunikosesha usingizi mpaka leo.

Ndugu msomaji, Imam al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria (1026), ni miongoni mwa maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi. Naye alikuwa fundi wa makufuli, wala hakushika kitabu ila baada ya kufikia umri wa miaka kama 30. Na Nabii Musa (A.S.), pamoja na utume wake, alifunga safari kumfuata Khidhr ili ajifunze asilolijua. Basi mimi ni nani hata nione aibu kwa umri wa mtu au kwa njia aliyopita?

Sisemi kwamba kila karatasi ni elimu. Wapo wanaonunua shahada kama wanunuavyo kanzu ya sikukuu, na hao wanajidanganya nafsi zao kabla ya kuwadanganya watu. Lakini mti hujulikana kwa tunda. Elimu ya kweli humfanya mwenyewe aseme haki, na aiseme kwa adabu.

Wewe unayetaka kuacha kazi yako ukubwani ili ukafundishe, safisha nia kwanza. Ukitaka jina la udaktari, utalipata na litakuchosha. Ukitaka kuwanufaisha watu, hata miaka uliyoihesabu shehena haitapotea. Wala usiwasahau waliokufundisha alifu, hata wakikucheka. Na sisi masheikh tuwafungulie mlango wanafunzi wetu warudipo na vitabu vyao, kwani huenda wamebeba deni letu ambalo wenyewe tumelisahau.

Leo yeye ni mwalimu wa chuo cha pili, nami bado ni wa chuo cha kwanza. Kila akija Tanga tunakaa mkekani kwangu, goti kwa goti, tunasoma mlango wa mirathi. Yeye hushika kitabu, nami husikiliza.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosea kwa kujua na kwa kutojua, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.