Yule mgombea wetu wa Golf, na sauti niliyompa

Wamama wapendwa, kila tukikutana mnaniuliza: «Madamu, wewe uliyekuwa unacheka vikwembe vya yule mama, namna gani mwishowe ulimpa sauti?» Ninajibu hapa, maana watarudi tena kutugongea milango.

Katika kampeni ya mwisho wa mwaka 2023, Golf ilijaa picha. Kila nguzo ya umeme ilibeba sura tatu au nne (umeme wenyewe ulikuja siku ulipotaka). Yule mama aligombea kiti katika bunge la jimbo la Haut-Katanga, na alikuja sawa na wengine wote: kikwembe chenye sura yake, chumvi, sabuni, gari lenye muziki. Barabara, maji, kazi kwa vijana. Mimi niliketi nyuma na madaftari ya wanafunzi, ninasahihisha. Kikwembe nilikipokea. Nani kati yetu alikikataa?

Halafu akasema anapokea maswali. Nikasimama: «Mama, mbunge wa jimbo anajenga barabara kwa feza ya nani?» Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema mbunge hana feza ya barabara. Feza iko kwa serikali ya jimbo. Mbunge anapiga kura juu ya bajeti, na anaweza kumwita waziri wa jimbo aje kueleza falanga zimekwenda wapi. Vijana wake wakatazamana, kwa sababu ahadi ya barabara walikuwa wameiimba kwenye gari tangu asubuhi.

Nikaendelea na lile linalonisumbua zaidi. Wamama wengi wanafikiri tunamchagua gavana. Hapana. Katiba imewapa wabunge wa jimbo kazi ya kumchagua gavana na makamu wake, na maseneta pia. Kwa hiyo sauti yako ndogo ya bunge la jimbo imebeba gavana tumboni. Ndiyo sababu watu wanamwaga feza nyingi kwa kiti ambacho wengi hawajui kazi yake. Nikamwuliza: «Ukifika kule, utatuambia umemchagua nani?»

Akanyamaza kidogo. Akajibu: «Kura ile ni ya siri. Nikiwaambia jina, hamtakuwa na njia ya kujua kama ninasema kweli.»

Jibu lile halikunifurahisha. Lakini wengine wote waliopita kwenye kiwanja kile walituahidi mambo yasiyokuwa kazi yao, na huyu mmoja alituambia mpaka wa kazi yake. Siku ya tarehe 20 Desemba, mbele ya mashine, tulichagua mara nne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na washauri wa komini. Kwa ile ya tatu nilitafuta sura yake.

Hakupita. Na hapa mtazamo wangu umegeuka tena, kwa upande mwingine. Kwa bunge la jimbo, sheria inataka orodha ya chama au ya mseto ipate asilimia 3 ya kura halali za jimbo zima. Kwa bunge la taifa ni asilimia 1, kwa komini 10. Chama kisipofika pale, wagombea wake wote wanatolewa, hata aliyependwa na kartie nzima. Chama chake kilikuwa kidogo, na sauti zetu zilianguka nacho. Mama anayejua bajeti vizuri hivyo, sheria hii hakuijua? Siamini. Mimi naona aliijua, akatuficha ili tusikate tamaa. Hilo sijamsamehe kabisa.

Mwezi uliopita alikuja kwenye likelemba yetu, bila gari, bila muziki. Alikumbuka jina langu. Anataka kuhamia orodha kubwa zaidi, tena anatafuta wanawake: tangu sheria ya mwaka 2022, orodha yenye wanawake nusu hailipi ile feza ya dhamana. Akaniuliza kama ningekubali jina langu liandikwe pamoja na lake.

Bwana wangu anasema nitapoteza kalasi yangu bure. Dada yangu mkubwa anasema nikubali leo leo. Mimi nimemwambia yule mama aniletee kwanza jina la chama, na asilimia kilizopata mara iliyopita. Bado ninangoja.