Alama ya mkanda tumboni

Leo siongelei lesi wala shanga, naongelea mkanda wa gari.

Mkanda unaokoa roho, hilo halina mjadala. Ila namna tunavyoufunga, hasa siku ya harusi, ndipo penye kazi. Gauni limejaa, buibui juu yake, mkanda unaishia kukaa juu ya kitovu. Gari likigonga, unabana pale penye ulaini, na utumbo unakandamizwa kwenye uti wa mgongo. Waweza kutoboka, na mtu akashuka kwa miguu yake akisema alhamdulillah, sijaumia.

Nimeliona kwa mteja wangu. Alikuja kujaribu gauni siku 2 baada ya gari lao kugongwa. Hospitali walimpiga picha siku ile ile, wakamruhusu. Mimi nikaona mstari mweusi, damu imevilia toka nyonga hadi nyonga, na gauni lililomkaa sawasawa wiki iliyopita zipu haipandi. Tumbo gumu, chakula hakipiti. Nyumbani walisema ni wasiwasi wa harusi, na somo yake ameshaandaa mafuta ya kumchua. Nikamwambia mama yake, "Bi mkubwa, tumbo hili lisiguswe, mrudisheni hospitali." Usiku huo akapasuliwa. Utumbo ulikuwa umetoboka.

Harusi ikasogezwa miezi 3. Watu wakasema yao. Waseme.

Nilichojifunza kwa daktari ni kuwa tundu dogo la utumbo laweza lisionekane kwenye picha ya mwanzo. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, au hata siku. Basi ukiwa na alama ya mkanda, kisha tumbo likazidi kuuma, likajaa au kukakamaa, ukatapika, ukapata homa au kizunguzungu, rudi hata kama jana waliambia u mzima. Usimeze dawa za maumivu ukalala.

Mabibi harusi, kabla ya kufunga, kusanyeni gauni juu, mkanda wa chini upite chini kabisa, juu ya mifupa ya nyonga na mapajani. Wa juu upite katikati ya kifua, si chini ya kwapa. Mama mjamzito naye afunge vivyo hivyo, wa chini ukae chini ya mimba. Akipata ajali, hata ndogo, aende akapimwe siku hiyo hiyo, kwani kondo la nyuma laweza kubanduka bila alama yoyote nje.