Faili Nililolifuta

Ufunguo wa kutumia huduma ya SMS ya chama cha akiba na mikopo nilichokuwa nakiandikia programu ulivuja mikononi mwangu. Mwenyekiti aliponiuliza, nilimjibu kwamba huenda kampuni ya SMS imedukuliwa. Nilikuwa namdanganya, na nilijua.

Nilikuwa mgeni wa Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Nilisoma habari zake kwa hamu: Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005, wakati watengenezaji wa Linux walipokosa ruhusa ya kuendelea kutumia programu ya BitKeeper bure, na GitHub, tovuti ya kuwekea miradi ya Git, ikaanza 2008. Jinsi Git inavyotunza kumbukumbu sikujisumbua kujua. Niliandika git add na kitone, yaani beba kila kilichomo, nikakomiti, yaani nikahifadhi hatua hiyo, nikapushi, yaani nikaituma GitHub. Repo, yaani hazina ya mradi, niliiacha wazi ili waajiri waone kazi yangu. Ndani yake mlikuwa na faili la .env, lenye ufunguo ule na nywila ya hifadhidata ya wanachama.

Nilipoligundua nikalifuta, nikakomiti kwa maelezo "nimetoa ufunguo", nikapushi tena. Ukurasa wa repo ukawa safi. Lakini kila ukikomiti, Git huweka picha ya mradi mzima, na picha za nyuma haziondoki. Aliyefungua komiti yangu ya kufuta aliikuta mistari yote imepakwa wekundu, alama ya kutoa mwanzoni, ufunguo mzima herufi kwa herufi. Maelezo yangu yalimwelekeza pa kutazama. Hata .gitignore niliyoongeza baadaye haikusaidia kitu, maana haigusi kilichokwisha kuingia kwenye historia. Ningekuwa mwalimu, ningeifundisha kabla ya komiti ya kwanza.

Kuna programu zinazopekua repo za wazi usiku na mchana zikitafuta funguo za namna hiyo. Salio la SMS likaisha. Wanachama wakapokea ujumbe, kwa jina la chama chao, ukiwataka walipie marejesho kwa namba mpya. Mama mmoja alilipa.

Dawa ilikuwepo tangu mwanzo: kuufuta ufunguo wa zamani na kutoa mpya, kazi ya kubofya mara chache tu. Kusafisha historia kwa git filter-repo kungefuata, ingawa aliyekwisha kunakili repo anabaki na nakala yake. Sikufanya hivyo kwa sababu akaunti ilikuwa ya mwenyekiti. Ningemwomba aingie, angeniuliza kulikoni. Niliogopa swali hilo kuliko nilivyowahurumia watu walioweka akiba zao pale.

Hatimaye nilipomweleza ukweli alikaa kimya, kisha akasema, "Sasa huo ufunguo umeshaubadilisha, kijana wangu?" Tukaubadilisha papo hapo, pamoja na nywila. Yule mama nimemrudishia fedha zake na kumwomba radhi nyumbani kwake. Kampuni niliyoisingizia bado sijaiandikia. Barua yake ninaiandika sasa, na mwenyekiti atapata nakala.