Maombi Yaandikwe kwa Mkono

Tangazo la Jeshi la Wananchi la kuandikisha vijana lina sharti moja dogo ambalo wengi hulipita haraka: barua ya maombi iandikwe kwa mkono. Unaandika mwenyewe, unaambatanisha namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, cheti cha JKT kama ulipitia, na namba ya simu. Kisha unaielekeza kwa Mkuu wa Utumishi Jeshini, Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma.

Masharti mengine wanayajua hata vijana wa bodaboda wa stendi ya Mwanhuzi. Uwe Mtanzania, mwenye afya na tabia njema, usiwe umepatikana na hatia mahakamani, usiwe umeoa wala kuolewa. Halafu kuna umri. Matangazo ya miaka ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 24 kwa waliomaliza sekondari, 26 kwa wenye stashahada na 27 kwa wenye shahada. Mimi nina 26. Nasoma shahada ya uzamili, na nimerudi nyumbani Meatu kukusanya data za tasnifu. Nikisema nimalize kwanza ndipo niombe, mlango utakuwa umefungwa.

Kilichonisukuma mwanzoni ni ajira, sitaki kukipamba kwa jina la uzalendo. Wenzangu niliosoma nao shahada ya kwanza wengine wanafundisha kwa kujitolea, wengine wanasubiri msimu wa pamba na dengu wapate kazi ya kupima mizani. Lakini ajira peke yake ingenipeleka popote. Jeshi lilinikaa moyoni tangu nilipomaliza kidato cha sita na kwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Siku moja afande alinikabidhi wenzangu kumi, akaniambia nihakikishe wote wanafika. Mmoja alikuwa anachechemea. Tulifika wa mwisho, lakini tulifika kumi na mmoja. Ndipo nilipojua kwamba napenda kubeba hesabu ya watu.

Tangazo lenyewe halimwahidi mtu nyota. Mwenye digrii na asiye nayo wote wanaanza kama kuruta. Wanaochaguliwa baadaye ndio wanaokwenda Monduli kuwa maafisa wanafunzi, na wakifuzu wanapewa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu, wanakuwa Luteni Usu. Kwa hiyo naomba kitu ambacho huenda kisifike hata katikati ya njia ninayoiwaza.

Mama ana hoja fupi. Kuna watu wamekuja mara mbili kuniulizia, watu wa heshima, wenye ng'ombe. Sharti la kutoolewa linamchosha. “Mwanangu,” aliniambia tukiwa tunapepeta choroko, “jeshi linataka usiolewe, ukoo unataka uolewe, na wote wanahesabu miaka yako.” Nilicheka. Yeye hakucheka.

Babu alikuwa na swali gumu zaidi. Miaka ya themanini, Meatu ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, wizi wa ng'ombe ulipozidi, vijiji vya Usukuma viliunda sungusungu, na babu akawa kamanda wa kijiji chake. Hakuwa na cheti wala cheo cha serikali. Alikuwa na upinde, filimbi, na majirani waliomjua tangu utoto. Ng'ombe walirudi, watu wakalala usingizi. Hiyo ndiyo sehemu anayopenda kuisimulia.

Safari hii alisimulia nyingine. Mkutano uliamua kwamba bibi mmoja mwenye macho mekundu ni mchawi, afukuzwe kijijini usiku huohuo. Kamanda aliagizwa awaongoze vijana.

“Ulikwenda, babu?”

“Nilikwenda.”

Hakuongeza neno. Macho ya bibi zetu huwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Kila mtu hapa anajua, na alijua hata wakati ule. Kisha akaniuliza: “Wewe ukipewa amri ya namna hiyo, mjukuu wangu, utafanyaje?”

Nikakimbilia ninakokujua, kwenye historia. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa na haki ndani yake, lakini nchi changa ilitikisika, hadi Nyerere akalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, yaleyale tuliyotoka kujitawala mbele yake. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo ikazaliwa JWTZ. Nilimweleza babu kwamba askari wakijichagulia amri za kutii, bunduki ndiyo inayotawala.

“Sawa,” akasema. “Sasa jibu swali langu.”

Nimelifikiria tangu siku hiyo. Sheria inamdai mwanajeshi utii kwa amri halali. Kuruta anaweza kusema aliagizwa. Afisa hawezi kusema hivyo kwa wepesi uleule, kwa sababu amri ikitoka juu, yeye ndiye mdomo wa mwisho kabla haijawa kitendo. Neno “halali” linapita kwake. Kama hakuliuliza yeye, mwenye kufyatua ataliuliza saa ngapi? Cheo ninachokitamani kwa sababu ya kuhakikisha watu wanafika, ndicho hichohicho kinachoamua wanafika wapi.

Nilimjibu babu kwamba nitauliza kwanza kama ni halali.

“Na muda wa kuuliza watakupa?”

Sikuwa na jibu, na bado sina. Barua niliiandika mara tatu, maana mkono wangu umezoea kibodi na mistari ilikuwa inapanda. Ilijaa ukurasa mmoja tu. Ombi langu la utafiti chuoni lilidai kurasa ishirini za kueleza kwa nini. Jeshi halikuniuliza kwa nini. Nilitafuta pa kuiweka sentensi ya babu, nikaona haiingii kati ya namba ya NIDA na namba ya simu.

Barua imekwenda Dodoma. Mama amewaambia wale wageni wasubiri hadi majina yatoke.