MBIO NDEFU NA SUBIRA YA MWANAFUNZI



Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu wanafunzi, wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini mwalimu wenu huonekana asubuhi akikimbia peke yake kwenye barabara ya Matogoro. Wengine mmesikia huko majumbani kwamba ustadhi anatafuta ubingwa uzeeni. Kupitia gazeti letu hili nitawajibu.

Marehemu baba yangu naye alikuwa mwalimu wa madrasa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikaa juu ya mkeka, asubuhi na jioni, akisomesha watoto wa watu. Alipofika miaka 51 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, na ulimi ukawa mzito, hata herufi alizotufundisha sisi kuzitoa mahali pake, yeye mwenyewe akawa hawezi kuzitamka. Aliishi hivyo miaka mitatu, nasi watoto wake tukimgeuza kitandani. Allah amrehemu.

Nilipofika miaka 34 nilipimwa kwenye zahanati nikaambiwa shinikizo la damu limeanza kupanda. Siku ile sikupewa dawa. Nilishauriwa nipunguze chumvi na mafuta, na niufanyie mwili mazoezi. Mimi ni mtu wa mkekani kama baba. Nina watoto wawili wadogo na darasa zima linalonitegemea. Basi nikanunua raba za mtumba pale sokoni, nikaanza.

Wazee wawili mtaani hawakupendezwa. Walisema heshima ya mwalimu ni kutembea kwa utulivu, siyo kukimbia barabarani kama mtoto aliyetumwa chumvi. Niliwasikiliza kwa adabu, kwani ni wazee wangu. Kisha nikawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A). Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda, na baada ya muda Mtume naye akamshinda. Nikawatajia pia Salamah bin Al-Akwa' (R.A), aliyewafukuza kwa miguu wavamizi walioteka ngamia wa Mtume. Katika safari ya kurudi Madina, kwa idhini ya Mtume, alishindana mbio na mtu wa Ansari aliyekuwa hashindwi, akamshinda. Habari hiyo imo katika Sahihi Muslim. Jambo la lazima ni kuhifadhi uchi na kutopoteza swala, na mimi huvaa suruali ndefu na fulana pana. Mzee mmoja alicheka, akaniambia, "Haya mwanangu, kimbia, lakini usitupite bila salamu." Tangu siku hiyo nikifika kibarazani kwake napunguza mwendo na kumwamkia.

Sasa nieleze mazoezi yenyewe. Hapa kwetu Songea mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza sana. Kwa hiyo nilianza mwezi wa Mei, barabara zilipokauka. Wiki za mwanzo nilikimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki, baada ya swala ya Alfajiri. Kila wiki niliongeza kidogo tu. Juni na Julai, wakati wa baridi yetu ambapo mtu hutamani kurudi chini ya blanketi, nikaweza kukimbia nusu saa bila kusimama. Alhamisi, ambayo ni siku ya mapumziko ya madrasa yetu, ndiyo siku ya mbio ndefu. Nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara ndizo zinazonipimia.

Kuna sababu ya kuongeza kidogo kidogo. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, lakini mifupa na kano huchelewa kukomaa. Mtu husikia pumzi inatosha, akaongeza mwendo, na goti likamwangusha. Kipimo changu cha mwendo ni tasbihi. Nikiweza kuisoma kwa sauti bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Nikishindwa, napunguza.

Lengo langu ni kilomita 21, yaani nusu ya marathoni, kabla mvua hazijarudi. Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Mpaka ninapoandika makala haya nimefika kilomita 16. Shinikizo la damu limeshuka, Alhamdulillah, lakini bado naendelea kupima, na sijui Allah amenipangia nini. Wajibu wangu ni kufanya sababu.

Ndugu wanafunzi, nchi yetu ina walimu wa mbio ndefu. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika marathoni. Wengine walijitoa, yeye aliendelea huku amefungwa bandeji, akafika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, na jina lake bado linatajwa duniani.

Juma Ikangaa, mwanajeshi wa JWTZ, alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi kwa sekunde moja tu. Ikangaa hakukata tamaa, na Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Naye Alphonce Simbu alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Alisubiri miaka minane. Septemba 2025, mjini Tokyo, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Kwa nini nawaeleza haya katika gazeti la madrasa? Kwa sababu kila mwaka, baada ya Ramadhani, huja wanafunzi wengi kuanza kuhifadhi. Wiki ya kwanza mtu anataka kurasa tatu kwa siku. Wiki ya nne simwoni. Nikimuuliza mzazi, najibiwa kwamba kijana kasema hana akili ya kuhifadhi. Siyo kweli. Akili anayo, lakini ameondoka kwa mwendo wa mita 100 katika safari ya kilomita 42. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ni ndogo. Aya tatu kila siku bila kukosa, pamoja na kurudia ulizokwisha kuhifadhi, zitakufikisha mbali kuliko kurasa tatu za wiki moja. Hata mto wetu Ruvuma, unaofika Bahari ya Hindi, huanzia kwenye vijito vidogo vya milima ya Matogoro, hapa hapa tunapoishi.

Kwa hiyo nawausia mambo matatu. Kwanza, anza na kiasi unachoweza kukirudia kesho. Pili, usimtazame mwenzako aliye mbele, tazama ulipokuwa wewe mwezi uliopita. Tatu, siku ukikosa, rudi kesho yake, wala usingoje mwezi mpya. Na kwa mwanafunzi aliyeacha kuja baada ya Ramadhani, ikiwa gazeti hili litamfikia, namwambia kwamba nafasi yake mkekani ipo na msahafu wake upo. Aje hata na aya moja.

Wabillahi Tawfiq.